Kimeza Hakina Hatia

Samani za mbao ngumu zina sifa moja ambayo watu wengi huisahau: hazifanyi kitu. Kiti cha plastiki kitakuumbua mbele ya wageni. Sofa la sponji litabonyea mpaka mzee wa watu avutwe mikono yote miwili ndipo anyanyuke. Meza ya kioo itasubiri siku ya shughuli, uweke sufuria ya pilau, ndipo iseme "ta!" Lakini kimeza cha mninga, kile cha zamani chenye miguu iliyokerezwa, hukaa pale pale ulipokiweka. Ukikikuta kwingine, kuna mtu kakihamisha. Ukikikuta kimeungua, kuna mtu mwenye pasi.

Natoa ushahidi huu kwa sababu nyumbani kwetu Tabata tunacho kimoja cha aina hiyo, na tangu kifike kimesingiziwa mambo ambayo hata mwizi wa kuku hajawahi kusingiziwa.

Kwanza nikitambulishe. Ni kimeza cha pembeni, kimo chake kinaishia gotini, kina mtoto mmoja wa meza. Kilitengenezwa Tabora mwaka 1974 kwa ajili ya baba mkwe wangu, aliyekuwa karani wa stesheni. Tabora ni mji wa reli. Garimoshi lilifika pale mwaka 1912, miaka miwili kabla ya kufika Kigoma. Ni mji pia wa misitu ya miombo, na humo ndimo unamoota mninga. Mti huo ukikatwa hutoa utomvu mwekundu unaochuruzika kwenye kisiki, mpaka mgeni wa msituni aanze kumtafuta aliyejeruhiwa. Zambia na Zimbabwe wanauita mukwa, Afrika Kusini wanauita kiaat. Mafundi wa Keko wana jina moja tu, nalo hulitamka taratibu ili bei ipate nafasi ya kupanda: mniiinga.

Baba mkwe alipofariki, vitu viligawanywa. Shemeji mkubwa akachukua mwembe na uwanja wake, wa pili akachukua baiskeli ya Phoenix, wifi akaondoka na cherehani. Kimeza wifi alikitazama mara moja, akakiita gogo. Mume wangu ni kitindamimba, na kitindamimba hupewa kilichobaki, kisha huambiwa kwamba amependelewa.

Tulijaribu kukiacha. Mume wangu alisema mizigo ni mingi. Mimi nikaongeza kwamba basi limejaa. Mama mkwe akatutazama, akasema, "Babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu. Ninyi kimeza kwenye basi kinawashinda?" Mimi ni Mzaramo, na Wanyamwezi ni watani zangu. Nilikuwa na jibu tamu sana ulimini. Lakini mtani akishakuwa mama mkwe, utani unahitaji kibali, na kibali nilikuwa sina.

Hapo stendi ya Tabora ndipo nilipoanza kuielewa biashara ya sifa. Konda alikiinua kidogo, akakirudisha chini, akapiga mluzi. "Mama, hii ndiyo mbao! Hii haipatikani siku hizi." Nikatabasamu kwa fahari ya ukoo nilioolewa. Tabasamu lile lilitugharimu nauli ya abiria mzima. Mbeba mizigo wa stendi ya Mbezi alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasema, "Mninga mtupu!" Naye akapandisha. Dereva wa bajaji alikisifu kabla hata hajakigusa. Tulipofika nyumbani nilikuwa nimeshaelewa: ukitaka kusafirisha mninga kwa bei nafuu, ufunge kwenye gunia, halafu ukiulizwa sema ni mihogo.

Wataalamu wanasema mita moja ya ujazo ya mninga mkavu ina uzito wa kilo 640 hivi. Kwa mbao ngumu huo si uzito wa kutisha. Mpingo ukiutupa majini unazama, mninga unaelea. Kwa hiyo siku mafuriko yakitufikia Tabata, kimeza kitakuwa cha kwanza kuokoka, na kitaondoka bila kutuaga. Lakini kilo za kwenye kitabu hazijawahi kukutana na kidole kidogo cha mguu, usiku, umeme umekatika.

Hilo ndilo shitaka la kwanza. Mume wangu aliamka kwenda kunywa maji, tukasikia "ko!", kisha kimya cha mtu anayechagua maneno kwa kuwa watoto wamelala. Hakupata yanayofaa, akatumia yasiyofaa. Asubuhi alichechemea mpaka sebuleni, akakinyooshea kidole. "Hiki kimeza kinanivizia." Ukweli ni kwamba jioni ile ile alikuwa amekisogeza yeye mwenyewe, kwa mikono yake, ili apate pa kuwekea miguu aangalie mpira. Kimeza hakimvizii mtu. Kimeza kilikuwa kimelala.

Shitaka la pili lilikuwa la duara jeupe. Mgeni aliweka kikombe cha chai ya moto moja kwa moja juu ya mbao, na alipokiinua ikabaki alama nyeupe ya mviringo. Baadaye fundi alinieleza kwamba ni unyevu uliopenya kwenye vanishi ukanasa humo humo, na kwamba mbao yenyewe haikuguswa. Ila kabla ya fundi huja ukoo, na kila mmoja huja na dawa yake. Jirani alileta dawa ya meno. Dada wa kazi alishauri mafuta ya nazi. Shemeji alipiga simu kutoka Tabora, akaagiza majivu na limau, na kwa sauti yake ungedhani alikuwa amesomea mambo hayo ng'ambo. Baada ya dawa zote hizo duara lilikuwa bado lipo, isipokuwa sasa lilinukia saladi.

Ndipo wifi alipokuja na pasi. Nimtendee haki: dawa ya pasi ni ya kweli. Unatandika kitambaa kikavu, unapitisha pasi yenye joto dogo kwa sekunde chache, unyevu unatoka. Lakini katikati ya matibabu wifi alipigiwa simu, na simu yenyewe ilihusu harusi ya mtu aliyeachana na mtu anayemfahamu. Mazungumzo ya namna hiyo hayana sekunde chache. Tangu siku hiyo kimeza chetu kina alama ya pasi, nyeusi, imekamilika mpaka ncha, na kwa bahati ncha hiyo imeelekea kibla. Mgeni anayetaka kuswali kwetu haulizi tena.

Baada ya msiba huo likaja suala la kuficha. Juu ya alama ya pasi kiliwekwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa kikaonekana kitachafuka, kikafunikwa na nailoni. Nailoni ikawa inateleza, ikakandamizwa na chombo cha maua ya plastiki. Maua yakaonekana mapweke, yakaongezewa picha ya mahafali, kalenda ya mezani na rimoti ambazo televisheni zake tulishaziuza zamani. Sasa jamani, mti uliokaa msituni miaka mingi ukitafuta ile rangi yake ya asali na ile mistari yake, ukakatwa, ukarandwa, ukapigwa msasa, ukapakwa vanishi, leo unaonekana miguu tu. Mtu pekee nyumbani kwetu anayejua kwamba kile ni mninga ni yule mwenye kidole.

Shitaka la tatu ndilo lililokaribia kukiua. Chini ya kimeza ulianza kuonekana unga. Unafagia asubuhi, jioni umerudi, laini, wa rangi ya krimu. Mume wangu akatangaza kwamba ni bungua, na kwamba tumeleta wadudu kutoka Tabora kwa nauli yetu wenyewe. Bila kumuuliza mtu akakitoa kimeza nje, akakipaka mafuta ya taa juu, chini, mpaka ndani ya mtoto wa meza. Siku kadhaa sebule yetu ilinuka kibatari, na mgeni yeyote akiingia anauliza luku imeisha lini.

Unga ukaendelea. Kimeza kikiwa nje uani, unga ukaendelea kuanguka sebuleni, mahali pale pale, juu ya sakafu tupu. Ndipo mwanangu wa kati, ambaye hana cheo chochote katika baraza la familia, akainua macho. Juu ya dirisha kulikuwa na boksi la pazia. Boksi hilo tulilinunua kwa fundi mmoja aliyetuapia kwa mama yake mzazi kwamba ni mninga. Ilikuwa mbao nyeupe iliyopakwa rangi ya kahawia, na bungua walikuwa wameshaigundua siri hiyo miezi mingi kabla yetu.

Mambo ya mninga katika hili yako wazi. Sehemu nyeupe ya nje ya gogo huliwa na wadudu. Moyo wa gogo, ule wa kahawia, hata mchwa huukwepa. Seremala wa zamani aliichonga ile nyeupe akaitupa, au akaichochea motoni apikie ugali. Wa siku hizi huipaka rangi akauza. Kimeza kilirudishwa ndani bila kuombwa radhi.

Kati ya mashitaka haya kulikuwa na siku zake za utukufu, na haki inataka zisemwe. Kuna mjomba wa mume wangu, mtu wa mwili, ambaye alishavunja viti viwili vya plastiki katika msiba mmoja. Siku alipotutembelea, makochi yalikuwa yamejaa, akatafuta pa kukaa, akakiona kimeza, akasukuma maua pembeni, akaketi. Sebule nzima ikaacha kupumua. Yeye akaomba maji, akanywa, akasimulia kisa cha ng'ombe wake waliopotea Urambo, kisa kirefu chenye matawi, na wakati wote huo kimeza hakikutoa hata mlio. Hakina msumari hata mmoja. Viungo vyake ni ulimi na tundu, vimekazwa kwa vijiti vya mbao. Mjomba aliponyanyuka alikipigapiga begani, nikimaanisha pembeni, akasema, "Huyu ni mwanaume."

Sifa hiyo nayo ilikuwa na bei yake, maana wifi aliisikia. Kisha akasikia jambo lingine. Mwezi Novemba mwaka 2022, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Panama, nchi wanachama zilikubaliana kuiingiza miti ya jamii ya mninga ya Afrika katika Kiambatisho cha Pili, maana yake ni kwamba kuivusha mipaka kibiashara kunahitaji vibali. Wifi yangu hajawahi kukusudia kukivusha kimeza mpaka wowote zaidi ya kukitoa Tabata kukipeleka kwake Gongo la Mboto. Lakini neno "Panama" lilimwingia. Kile alichokiita gogo kikaanza kuitwa "kumbukumbu ya baba". Kila akija anakikumbatia, anafunua nailoni, anafunua kitambaa, anakuta alama ya pasi, anafunika haraka.

Basi masika yakafika, na mama mkwe akafika nayo. Alikuja kututembelea kwa siku chache. Alikuwa na funguo za nyumba yake ya Tabora, kazifunga kwenye kipande cha kanga kilichopauka, maandishi yake hayasomeki tena. Akatazama huku na huku, akaona kitu kimoja tu katika nyumba yetu anachokiamini. Akafungua mtoto wa meza, akaweka, akafunga.

Mvua ikanyesha. Ikanyesha kwa namna ile ya Dar es Salaam, ambapo nguo zinakauka kwa matumaini tu. Siku ya safari mama mkwe akaenda kuchukua funguo zake. Mtoto wa meza hakutoka. Akavuta, hakutoka. Mume wangu akavuta. Kitasa kikatoka, mtoto akabaki. Sasa tulikuwa na kitasa mkononi, funguo ndani ya kimeza, na mama mkwe ambaye hawezi kwenda kukaa kwenye veranda ya nyumba yake mwenyewe.

"Mama, usiwe na haraka," mume wangu akasema, kwa sauti ya mtu aliyependa jinsi mambo yalivyokwenda. Mama mkwe akavua viatu. Kesho yake alikuwa amepanga upya sahani zangu. Keshokutwa dada wa kazi alikuwa akipokea maagizo kutoka kwake moja kwa moja. Mimi nikageuka msikilizaji mwaminifu wa utabiri wa hali ya hewa. Sikuwahi kujali upepo unatoka Kusi au Kaskazi. Sasa nilikuwa nikisikia "vipindi vya mvua katika ukanda wa pwani" moyo unadunda. Masika huishia Mei. Nilihesabu na nikaona sitafika.

Nikamwita fundi kutoka Keko. Alifika na bodaboda, begi la vifaa mgongoni, akakiona kimeza, macho yakafunguka, mdomo nao ukaanza kufunguka.

"Fundi, tafadhali, usikisifu," nikamwahi. "Taja bei kwanza."

"Sikisifu, mama," akajibu kwa unyenyekevu. "Nakisikitikia." Kumbe na masikitiko yana bei, na ni kubwa kuliko ya sifa.

Akaeleza akiwa amechuchumaa. Mbao hunywa unyevu wa hewani hata ikiwa na umri wa miaka 50, na ikinywa hutanuka kwa upana. Kwa urefu ni kama hakuna. Mninga ni mpole sana katika jambo hilo, ndiyo maana mafundi wanaupenda. Akagonga mtoto wa meza, akasikiliza. "Lakini ubavu huu si mninga. Hii ni paini. Kuna mtu alivunja akabandika." Mama mkwe, kutoka jikoni kwangu, akasema bila kugeuka kwamba shemeji mkubwa akiwa mdogo alikuwa akimtumia mtoto wa meza kama gari. Shemeji huyo huyo wa majivu na limau! Miaka yote hiyo kanyamaza, anatoa ushauri.

Fundi akaondoa maua, picha, kalenda, rimoti, nailoni na kitambaa, akaitazama alama ya pasi kwa heshima ya mtu aliyefika mahali pa ajali, kisha akakigeuza kimeza miguu juu. Akatoa ubao wa chini, akamsukuma mtoto wa meza kwa ndani akipigapiga taratibu kwa kipini cha patasi. Akatoka. Akampitisha randa ubavuni, akampaka nta ya mshumaa njia nzima, akawa anaingia na kutoka bila ubishi. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nimkabidhi mama mkwe funguo zake na nauli juu yake, fundi aliposema, "Hapa pana maandishi."

Upande wa chini wa uso wa meza, pale ambapo vanishi haikufika, palikuwa na penseli. Mwandiko ulionyooka, wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kuchapwa: *Karani wa Stesheni. 1974. Sh. 60. Kalipa 25. Bado 35.*

"Deni la fundi halizeeki," fundi akasema, akanitazama mimi ambaye bado sikuwa nimemlipa.

Mume wangu akaona jambo hili ni la ukoo. Akawapigia ndugu zake wote simu ya pamoja, akaiwasha sauti kubwa, akaiweka juu ya kimeza chenyewe. Wifi, ambaye wiki moja nyuma alikuwa tayari kutuma gari kuchukua kumbukumbu ya baba, alikuwa wa kwanza kusema. "Mimi sijawahi kusema nakitaka. Nilikuwa nakiulizia hali tu." Shemeji wa pili, aliyewahi kufanya kazi benki, akaanza kupiga hesabu ya riba tangu 1974, na kila alipotaja tarakimu sauti ya wifi ilizidi kuwa mbali. Nikasema Sh. 35 leo hazinunui hata pipi. Nikaambiwa mambo ya ukoo yana wenyewe.

Ndipo shemeji mkubwa, ambaye anafundisha madrasa, akakohoa. Deni la marehemu, akasema, hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Hili halikulipwa. Kwa hiyo mgao ule una walakini. Akanyamaza kidogo, na nadhani hapo ndipo alipokumbuka mwembe. Lakini wenzake walishakumbuka. Wifi akasema basi na uwanja urudi tugawane upya. Wa pili akasema arudishiwe kwanza fedha za ukarabati wa baiskeli, ambayo alishaiuza. Mtu akauliza cherehani iko wapi. Mtu mwingine akamwita mwenzake kwa jina la utotoni ambalo sikujua kwamba analo. Kwa nusu saa ile nilisikia sauti moja baada ya nyingine ikisema kwamba kimeza hiki, tangu zamani, kina mkosi.

Mama mkwe akatoka jikoni, anafuta mikono. Akainama kwenye simu.

"Baba yenu deni lake alilipa," akasema. "Zile 35 alinipa mimi nimpelekee seremala. Njiani nikapita kwenye duka la kanga."

Hakuna aliyesema kitu, Tabora wala Gongo la Mboto. Mama mkwe akachukua funguo zake mezani, pamoja na kile kipande kilichopauka.

"Na kanga yenyewe ndiyo hii. Nimewabebea ninyi nyote mgongoni kwa kanga hii. Mwenye dai, na aje adai kwangu."

Simu zikakatika moja baada ya nyingine. Baadaye kila mmoja kwa wakati wake alipiga kueleza kwamba mtandao ulimsumbua. Mtandao siku ile ulikuwa mzima kabisa. Ulisingiziwa.